Chakula Chenye Wanga Kidogo kwa Paka Mwenye Kisukari na kwa Paka Mchaguzi

Katika kliniki ya kisukari ambamo mwandishi wa makala haya huhudumu, mgonjwa huulizwa maswali yaleyale kila anapofika: amekula nini, amejidunga saa ngapi, kipimo cha asubuhi kilisomaje. Siku moja mama mmoja wa makamo, mkazi wa Dar es Salaam na mgonjwa wetu wa miaka mingi, alinifungulia daftari lake la vipimo, nami nikaona safu mbili za tarakimu. Ya kwanza niliifahamu. Ya pili ilinishtua: 22, 19, 24, 21, kisha ghafla 2.1.

"Hii ya pili ni ya nani, mama?"

"Ni ya paka wangu, daktari. Naye anacho, kama mimi."

Nilikaribia kucheka, lakini ile 2.1 ilinizuia. Akanisimulia. Paka wake ni dume aliyehasiwa, wa umri wa miaka tisa, mnene, akaaye naye ghorofani bila kutoka nje. Tangu utotoni amelishwa punje kavu za dukani, na bakuli lake halikukauka mchana wala usiku. Mwaka huo alianza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa mara kwa mara, na kukonda ingawa alikula kwa pupa. Mama alizitambua dalili hizo kabla ya mtu yeyote, kwa kuwa alikwisha kuziona mwilini mwake. Daktari wa mifugo alithibitisha kisukari na kumwandikia paka insulini ya glajini, yuniti mbili asubuhi na mbili jioni.

Majuma yakapita, sukari haikushuka vya kutosha. Ndipo mama, aliyefundishwa katika kliniki yetu kupunguza ugali na wali, akafikiri kwamba kilichomzuia paka wake kupona ni zile punje. Siku moja akaziondoa zote, akaanza kumpa samaki wa kuchemsha na chakula cha kopo. Sindano akaziacha vilevile. Alfajiri ya siku ya tatu alimkuta paka chini ya meza, akitetemeka, macho wazi lakini haoni. Akampima, akampaka asali kwenye fizi, akamfunga kwenye kanga na kukimbilia kwa daktari. Paka alipona.

"Sasa niambie, daktari," akasema, "kosa langu lilikuwa lipi? Si ninyi mliotuambia tupunguze wanga?"

Swali lilikuwa la haki, na jibu sikuwa nalo lote. Mimi ni tabibu wa watu. Ilinibidi niwaendee wenzetu wa tiba ya mifugo na kusoma upya mambo niliyodhani hayanihusu. Haya ndiyo niliyoyapata, na ninayaandika kwa sababu si mgonjwa huyu peke yake afugaye paka, wala si yeye peke yake atakayemuuliza mhudumu wa afya jambo ambalo shule zetu hazikumfundisha.

Mla nyama kwa maumbile

Mbwa na binadamu wanaweza kuishi kwa mchanganyiko wa vyakula. Paka ni mla nyama kwa lazima ya maumbile. Mate yake hayana amilesi, kile kimeng'enya kinachoanza kuuvunja wanga tangu kinywani kwetu, na kongosho lake hukitoa kwa uchache. Katika ini lake kimeng'enya cha glukokinesi, ambacho kwetu hufanya kazi ya kuikamata sukari inapofurika baada ya mlo, kina nguvu ndogo mno. Badala yake ini la paka hutengeneza sukari kutokana na protini wakati wote, awe ameshiba au ana njaa. Binadamu akifunga, mwili wake hupunguza uvunjaji wa protini. Wa paka hauna uwezo mkubwa wa kufanya hivyo.

Kuna virutubisho ambavyo paka hawezi kuvipata ila kwa nyama. Taurini ni kimojawapo. Mwaka 1975 ilidhihirika kwamba paka aliyekosa taurini huharibika retina na kupofuka, na mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba upungufu huohuo hutanua moyo na kuudhoofisha. Vitamini A nayo lazima aile ikiwa tayari, kwani hawezi kuitengeneza kutokana na karoti au mchicha kama tufanyavyo sisi.

Utamu pia haujui. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell kilichoko Philadelphia, Marekani, walieleza kuwa jeni moja kati ya mbili zinazounda kipokezi cha ladha ya utamu imeharibika katika jamii nzima ya paka, tangu paka wa nyumbani hadi simba mbugani. Paka anayekuja kulamba maziwa ya chai au keki havutwi na sukari. Anafuata mafuta.

Anapojitafutia mwenyewe, paka hula nini? Uchambuzi wa milo ya paka wasiofugwa umeonyesha kwamba takriban asilimia 52 ya nishati yao hutokana na protini, 46 na mafuta, na 2 tu na wanga. Panya, kwa maneno mengine, hana unga mwingi tumboni. Paka wa nyumbani waliopewa uhuru wa kuchagua kati ya vyakula mbalimbali, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, walijipangia mlo wenye asilimia 52 ya protini, 36 ya mafuta na 12 ya wanga. Walipowekewa chakula chenye wanga mwingi pekee, walifika kikomo wakaacha kula hata kabla ya kutimiza haja yao ya protini.

Hata hivyo tuwe waadilifu. Wanga si sumu kwa paka. Ukipikwa vizuri huumeng'enya kwa kiasi cha kutosha, na paka wengi wamezeeka salama wakila punje kavu. Kinachotajwa kwanza miongoni mwa vyanzo vya kisukari cha paka ni unene, kisha kukaa bila mazoezi, umri, kuwa dume aliyehasiwa, na dawa za jamii ya steroidi. Paka wa aina ya Burma katika Uingereza na Australia huugua zaidi kuliko wengine. Kwamba wanga wenyewe, bila unene, humletea paka mzima kisukari ni jambo ambalo wataalamu hawajakubaliana. Wanachokubaliana zaidi ni kwamba paka akisha kuugua, kupunguza wanga humsaidia.

Ugonjwa unaotufanana

Wahudumu wa afya watavutiwa kujua kwamba kisukari cha paka kinafanana na kile cha aina ya pili cha binadamu kuliko cha mnyama mwingine yeyote wa nyumbani. Mbwa kwa kawaida hupoteza kabisa chembe za kutengeneza insulini. Paka, kama sisi, huanza kwa mwili kuikaidi insulini, kisha kongosho huchoka. Mwaka 1987 Westermark na wenzake wa Uswidi waliitambua protini inayojikusanya na kugandamana katika kongosho la mgonjwa, ile iitwayo leo amilini, na waliipata kutoka katika uvimbe wa binadamu pamoja na kongosho la paka mwenye kisukari. Kwa hiyo sehemu ya tunayoyafundisha darasani kuhusu ugonjwa wa watu ilitoka kwa paka.

Dalili ni zilezile nne za kawaida: kiu, mkojo mwingi, njaa na kukonda. Ipo moja ya ziada ambayo mwenye paka huiona kabla hajajua jina lake. Neva za miguu ya nyuma zikiathirika, paka huacha kutembea kwa vidole, akakanyaga kwa visigino, miguu imelala chini kama ya sungura. Wengi hudhani amevunjika.

Kipimo kimoja cha sukari hakitoshi kumhukumu. Paka aliyefungiwa kapuni, akapitishwa barabarani kwenye honi na kushikwa na mikono migeni, sukari yake yaweza kupanda sana kwa hofu tu. Ndiyo maana madaktari wa mifugo hupima pia fruktosamini, inayoonyesha wastani wa majuma machache yaliyopita, kama sisi tunavyotegemea HbA1c. Figo za paka huanza kumwaga sukari kwenye mkojo inapozidi takriban milimoli 14 hadi 16 kwa lita, ilhali zetu huanza kwenye 10 hivi.

Tofauti iliyo kubwa na yenye matumaini ni hii: paka anaweza kufikia hali ya kutohitaji tena insulini, hasa akitibiwa mapema. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa paka 63. Baadhi walipewa chakula cha kopo chenye wanga kidogo na nyuzinyuzi kidogo, wengine chenye wanga wa wastani na nyuzinyuzi nyingi. Baada ya majuma 16, asilimia 68 ya kundi la kwanza walikuwa wameacha sindano, dhidi ya asilimia 41 ya kundi la pili. Si kila paka atafika huko, na aliyefika anaweza kurudi nyuma akinenepa tena. Lakini ni habari ambayo mimi, katika kliniki yangu ya watu, ningefurahi kuitoa mara nyingi zaidi.

Kuisoma lebo

Hapa ndipo wengi hupotezwa, na si kwa ujinga wao. Lebo za chakula cha paka mara nyingi haziandiki kiasi cha wanga. Huandika protini, mafuta, nyuzinyuzi, unyevu, na pengine majivu, yaani madini. Wanga ni kinachobaki. Jumlisha vyote hivyo, utoe jumla katika 100. Majivu yasipotajwa, kadiria 7 au 8 kwa punje kavu na 2 kwa chakula cha kopo.

Tuseme mfuko wa punje una protini 32, mafuta 12, nyuzinyuzi 3, unyevu 8 na majivu 7. Jumla ni 62, wanga 38. Kopo lina protini 11, mafuta 5, nyuzinyuzi 0.5, unyevu 80 na majivu 2. Jumla 98.5, wanga 1.5.

Lakini usiishie hapo, kwa kuwa kopo ni maji matupu kwa sehemu kubwa, na maji huficha mengi. Linalofaa kulinganishwa ni sehemu ya nishati itokayo kwenye wanga. Zidisha protini kwa 3.5, mafuta kwa 8.5, wanga kwa 3.5. Kwa mfuko wetu: 112, 102 na 133, jumla 347. Wanga ni asilimia 38 ya nishati. Kwa kopo letu: 38.5, 42.5 na 5.25, jumla 86.25. Wanga ni asilimia 6.

Sasa chukua kopo la tatu, lile lenye vipande ndani ya mchuzi mzito ambao paka huulamba wote na kuacha nyama. Protini 8, mafuta 3, nyuzinyuzi 0.3, unyevu 82, majivu 1.7. Wanga 5 tu, utasema, ni kidogo. Piga hesabu: 28, 25.5 na 17.5, jumla 71. Karibu robo ya nishati ni wanga. Ule mchuzi umefanywa mzito kwa unga au wanga wa viazi. Kwa paka mwenye kisukari wataalamu wengi hulenga wanga usiozidi takriban asilimia 12 ya nishati, na kopo hili limepita maradufu. Ndiyo sababu chakula cha kopo kilichosagwa laini, kisicho na mchuzi mzito, mara nyingi huwa chaguo jema zaidi, ingawa lebo ndiyo iamue.

Maneno "bila nafaka" yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye mifuko ya bei ghali yasikuvutie. Mahindi na ngano yakiondolewa, huwekwa viazi, njegere, dengu au muhogo, na kongosho la paka halijali wanga umetoka shamba gani. Punje yoyote kavu huhitaji wanga kiasi fulani ili ishikane inapotengenezwa. Zipo chache zenye wanga mdogo, lakini bei yake ni kali na huwa na nishati nyingi katika kijiko kidogo, hivyo hunenepesha upesi zikimwagwa ovyo.

Jikoni mwetu

Si kila mtu anaweza kununua kopo kila siku, na kwa wasomaji wengi wa jarida hili kopo ni anasa. Paka wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Unguja wameishi karne nyingi kwa vichwa vya samaki, panya na mijusi, na ni nadra kumwona mnene. Paka wa namna hiyo hutembea kutwa, hugombana, huruka kuta. Paka wa ghorofani aliyehasiwa hana kuta za kuruka. Ukimpa wali uliorowekwa mchuzi wa samaki asubuhi na jioni, umempa mlo wa wanga wenye harufu ya samaki.

Samaki, kuku na nyama havina wanga wa kuhesabu, na maini yana kidogo tu. Dagaa waliokaushwa kwa jua bila chumvi ni kitafunwa kizuri, na kwa kuwa huliwa wazima na mifupa yao laini, huongeza chokaa. Ng'onda na samaki wengine wa chumvi, hapana. Jodari na samaki wengine wenye mafuta mengi wakiwa ndio mlo pekee wa kila siku huweza kumletea paka uvimbe wenye maumivu katika mafuta ya mwili, kwa kukosa vitamini E. Samaki wabichi wa aina nyingi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayewala daima huweza kulegea shingo na kuyumba. Kupika hukiua kimeng'enya hicho. Maini yatolewe kidogo: yakizidi kwa miezi mingi, vitamini A hujikusanya na mifupa ya shingo huota na kushikana. Moyo wa kuku au wa ng'ombe una taurini nyingi, ila taurini huyeyuka majini, basi mpe na supu yake. Supu hiyo isiwe na kitunguu maji wala kitunguu saumu, ambavyo huvunja chembe nyekundu za damu ya paka. Mifupa iliyopikwa ya kuku huchanika vipande vikali, iondoe.

Nyama tupu, hata ikiwa bora namna gani, si mlo kamili. Ina fosforasi nyingi na chokaa kidogo mno, na paka mchanga aliyelelewa kwa nyama peke yake mifupa yake hulainika na kuvunjika. Anayetaka kumpikia paka wake nyumbani daima, badala ya kumwongezea tu, aombe daktari wa mifugo ampangie kipimo cha chokaa, taurini na vitamini. Njia ya kati ambayo nimeiona ikifanya kazi katika nyumba za kipato cha kawaida ni kununua chakula kamili chenye wanga kidogo kadiri mfuko unavyoruhusu, na sehemu ndogo ya siku kujaza kwa samaki au kuku wa kuchemsha.

Nyama mbichi nisingeishauri, hasa katika nyumba yenye mjamzito au mtu mwenye upungufu wa kinga. Vimelea vya toksoplasma na bakteria wa salmonela hupita humo hadi kwa paka, na kutoka kwa paka hadi kwa wenye nyumba.

Paka mchaguzi

Mazoea yana taabu. Paka aliyekula punje za aina moja kwa miaka tisa huliangalia kopo kama mtu aliyewekewa chakula cha ugenini. Hunusa, hupapasa sakafu kwa mguu kana kwamba anafukia kinyesi, kisha huondoka. Mwenye nyumba hukasirika na kusema: njaa itamfundisha.

Njaa haimfundishi paka, humuua. Paka asiyekula kwa siku mbili au tatu, hasa aliye mnene, mwili wake humimina mafuta kwenye ini kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia. Ini hujaa mafuta, macho na fizi hugeuka manjano, na bila kulishwa kwa mpira hospitalini wengi hufa. Paka ambaye hajagusa chakula kwa saa 24 ni sababu ya kumpigia daktari wa mifugo. Mwenye kisukari apelekwe mapema zaidi.

Na kabla hujamwita mchaguzi, mtazame kinywani. Jino bovu, fizi zilizovimba, figo dhaifu au kichefuchefu cha kongosho lililowaka huweza kumfanya paka asogee bakulini, anuse, na kugeuka. Huyo hachagui, anaumwa.

Akiwa mzima, dawa ni subira. Kwanza acha kujaza bakuli kutwa. Mwekee punje zilezile mara mbili au tatu kwa siku, kwa nusu saa, kisha uondoe, ili ajue kuna wakati wa kula. Baada ya siku chache weka kijiko cha chai cha chakula kipya pembeni ya kile cha zamani, si juu yake, kwa sababu paka aliyechukizwa na mchanganyiko huacha vyote. Chakula kiwe vuguvugu kama mwili wa panya aliyekamatwa sasa hivi. Cha jokofuni hakina harufu, na paka hula kwa pua. Tumia sahani pana isiyogusa sharubu zake. Ponda punje chache unyunyize juu ya chakula kipya kama tunyunyiziavyo nazi iliyokunwa. Maji ya dagaa yasiyo na chumvi husaidia sana. Ongeza kipya na punguza cha zamani kidogo kidogo kwa siku kumi, au kwa miezi miwili ikibidi. Wapo paka ambao hawatavuka kamwe. Kwa hao, punje yenye wanga mdogo zaidi inayopatikana, iliyopimwa kwa mizani na kutolewa kwa saa, ni afadhali kuliko vita vya kila siku. Paka mwenye kisukari anayekula chakula kisicho bora ana hali njema kuliko yule aliyekataa kilicho bora.

Sindano na sahani

Narudi kwa lile swali la mama. Wazo lake lilikuwa sahihi. Alichokosa ni kukumbuka kwamba kipimo cha insulini kilipangwa kwa chakula cha zamani. Punje zilipoondoka, sukari iliyokuwa ikiingia kila mlo ilipungua kwa siku moja, na zile yuniti mbili zikawa nyingi mno. Ingelikuwa mtu, tungelimpunguzia dawa siku hiyohiyo. Kwa hiyo paka aliye kwenye sindano asibadilishiwe chakula kabla daktari wake hajajua, na mabadiliko yafanyike taratibu huku sukari ikipimwa nyumbani kila siku. Mara nyingi daktari hushusha kipimo mapema kwa tahadhari.

Kipima sukari cha binadamu kinaweza kutumika. Damu huchukuliwa ukingoni mwa sikio lililopashwa joto kwa kiganja. Vipima hivyo, kwa kuwa vimepangwa kwa damu yetu, kwa kawaida husoma chini kidogo ya ukweli wa paka. Hata hivyo namba ndogo isipuuzwe. Kwa paka mzima kiwango cha kawaida ni milimoli 4 hadi 6 au zaidi kidogo. Aliye chini ya 3.5 hivi huku yuko kwenye insulini yuko hatarini. Akiyumba, akitetemeka au kuanguka, asidungwe. Apakwe asali au maji ya sukari kwenye fizi, kwa uangalifu asimwagiwe kooni, kisha chakula akiweza kumeza, na daktari mara moja. Paka aliyekataa mlo asipewe kipimo chake kamili kana kwamba amekula. Daktari aulizwe kwanza.

Jambo la mabomba ya sindano linanitia hofu zaidi, nalo lawahusu hasa wafamasia. Insulini za binadamu zilizozoeleka ni za yuniti 100 kwa mililita. Baadhi ya zile za mifugo ni za yuniti 40, na zina bomba lake. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 hadi mstari wa pili, umempa paka yuniti tano badala ya mbili. Anayeuza aulize, anayenunua asome kopo na bomba vyote viwili.

Vidonge vyetu vya kisukari paka asigawiwe. Kwa kuwa tumefikia kabati la dawa niongeze hili: hata kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumwua paka. Katika Marekani ziliidhinishwa mwaka 2022 na 2023 dawa mbili za kumeza za paka, beksagliflozini na velagliflozini, zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo. Zimekusudiwa paka ambao hawajatibiwa kwa insulini, na zina hatari ya ketoni kujikusanya damuni hata sukari ikiwa ya kawaida, hivyo si za kuagiza kwa rafiki anayesafiri.

Paka mwenye figo mbovu, jambo la kawaida uzeeni, apangiwe chakula kwanza kwa ajili ya figo hizo. Vyakula vya wanga kidogo aghalabu vina protini na fosforasi nyingi. Na mnene apunguzwe polepole, karibu asilimia moja ya uzito kwa juma.

Mama yule alirudi kliniki baada ya miezi minne na daftari lake. Daktari wa mifugo alikuwa amemwanzishia paka upya kwa nusu ya kipimo, na punje zikaondolewa kwa majuma sita. Safu ya pili ilisomeka 9, 7, 8, 6, kisha ikawa tupu, ila namba moja kila Jumapili. Sindano ziliachwa mwezi uliotangulia.

"Anakula nini siku hizi?" nikamuuliza.

"Kopo nusu asubuhi, kopo nusu jioni. Mchana kuku kidogo, ninampimia kwa mizani."

Safu ya kwanza, iliyo yake mwenyewe, ilikuwa bado kwenye 13 na 14. Nilipomuuliza kuhusu mizani ya wali wake alitazama pembeni kwa muda, akatabasamu, na tukaanza kuizungumza hiyo.